Mkubwa anataka nimfungulie imeili ya mwanafunzi: admini wa chuo ana haki ya kuangalia nini?

"Assalaam alaykum mwalimu. Mie ni admini wa seva na maabara za kompyuta katika chuo kimoja hapa Unguja, huu mwaka wangu wa pili. Wiki ilopita alikuja mkubwa mmoja wa kitivo ofisini kwetu, mtu mzima, umri wa baba yangu, akaniambia nimfungulie imeili ya mwanafunzi fulani kwasababu anamshuku kuwa kasambaza mtihani kabla ya siku yake. Hakuja na barua wala chochote, kaniambia tu hili letu mie na weye. Nikamjibu ntaangalia, mpaka leo sijafanya na kila siku ananipigia simu. Wenzangu ofisini wananambia seva ni mali ya chuo na kilichomo ndani ni cha chuo, we fungua. Mmoja akaniambia ukigusa tu unafungwa, sheria ya mtandao haina mchezo. Halafu jengine, kabla ya hapo diski ilijaa nikawa natafuta nani kaijaza, nikakuta folda la mhadhiri mmoja lina filamu giga 140, na katika kufungua fungua nikaona na barua yake ya hospitali ambayo si ya kuonwa na mtu. Nimeifunga lakini mpaka sasa nikimuona nnaona haya. Nauliza, mie kama admini nna haki ya kuangalia nini na nini sina, na wajibu wangu unaishia wapi? Naogopa kazi na naogopa Mungu."

Waalaykum salaam mdogo wangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili usiku kila mtu kalala, na naona hujaniuliza habari ya kompyuta khasa. Umepewa ufunguo unaofungua milango yote, akaja mtu unaemstahi akakwambia umfungulie mlango wa mtu mwengine, na huku mlango mwengine ushaufungua bila ya kukusudia na ulichokiona kimekukaa rohoni. Kazi hii mie nimeifanya miaka 18, yote kwenye vyuo, na yote hayo yamenipata.

Kwa kuwa simu inalia kila siku nianze na hilo: usifungue. Ila usende ukamwambia "sitaki" ukaondoka, subiri tufike huko chini nikwambie umjibu vipi, maana ukikataa bila ya kumuonesha njia utamfanya adui na tatizo lake liko palepale, na tatizo lake ni la kweli, mtihani ukivuja wanaoumia ni wale waliokesha wakisoma.

Sasa hawa wenzako wawili, wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Huyu anaesema seva ni ya chuo kwahiyo kilichomo ni cha chuo, hebu muulize habari ya daladala. Gari ni ya tajiri, hilo halina ubishi, ana haki ya kusema ipite njia gani, iondoke saa ngapi, na ana haki ya kumshusha mtu anaevuta sigara ndani. Lakini kapu la bibi alietoka nalo Darajani si lake hata kama limekaa juu ya kiti chake kutwa nzima, na konda akilifunua kuangalia bibi kanunua nini watu wote wa gari watamshangaa. Chuo kina diski, kina nyaya, kina mkataba wa intaneti, na kina kanuni za matumizi ambazo mwanafunzi alizikubali alipofunguliwa akaunti. Barua alizoandikiana na mama yake Wete au na mchumba wake ni mambo yake yeye.

Na huyu wa pili anaekutisha na jela nae kazidisha. Ingekuwa admini akigusa kitu cha mtu basi kafungwa, hakuna chuo duniani kingekuwa na seva. Weye una haki, tena haki kubwa: kuona ukubwa wa mafaili, kusoma logi za mfumo (rekodi zake za nani kafanya nini na saa ngapi), kuzima programu inayokula mashine, kusimamisha akaunti inayotuma takataka, kuhamisha mafaili diski hii kwenda hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika bara na hapa kwetu pia, inamkamata mtu anaeingia kwenye mfumo au kunasa mawasiliano ya watu bila ya idhini. Neno zito hapo ni idhini. Weye umeidhinishwa kuingia ili mfumo ufanye kazi, hukuidhinishwa kuingia ili kujua nani kamwandikia nani nini, na ukitoka kwenye lile la kwanza ukenda kwenye la pili kinga yako umeiacha nyuma.

Ntakueleza kwanini mpaka wenyewe haukuonekana, maana hapa ndo vijana wengi wanapojikwaa. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, kila mtumiaji ana namba. Mwanafunzi wako pengine ni 1743, mhadhiri 1102, majina tunayoyaona kwenye skrini ni ya kutusaidia sisi tu, mfumo wenyewe unatizama namba. Kila faili lina mwenyewe na lina ruhusa zake, nani asome, nani aandike, na kila mtu akitaka kulifungua mfumo unauliza kwanza weye nani, hili lako? Akija namba 0, ndo root huyo, akaunti kuu ya admini, swali haliulizwi. Root hakukaguliwa akaonekana ana haki, root hakukaguliwa kabisa. Imewekwa hivo makusudi kwasababu mambo yakiharibika saa nane za usiku lazima awepo mtu wa kuingia popote akarekebisha. Kwahiyo unapoandika amri na faili likafunguka, mashine haijakwambia kwamba ni halali, imekaa kimya tu. Lile swali ambalo mashine imeacha kuliuliza umeachiwa weye ujiulize, na kwa lugha yetu hiyo inaitwa amana.

Waliotutangulia waliliona hili mapema sana. Hii sudo unayoitumia kila siku, amri inayompa mtu uwezo wa root kwa jina lake mwenyewe, ilianza kuandikwa karibu na mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, na walikuwa chuoni hivihivi kama weye, idara ya kompyuta ya chuo kikuu kule Buffalo, Marekani. Mpaka leo mtu akiitumia mara ya kwanza inamtolea maneno matatu kabla ya kumuuliza paswedi: heshimu faragha ya wengine, fikiri kabla hujaandika, na uwezo mkubwa unakuja na wajibu mkubwa. Wengi tunayapita mbio. La faragha limewekwa la kwanza, litizame vizuri siku ukifunga mashine mpya.

Na sudo ina faida nyengine kwako, kila amri inaandikwa kwenye logi kwa jina lako na saa yake. Hujaniambia lakini nakisia, ofisi nyingi nilizopita ni hivo, kwamba watu watatu wanne mnatumia root moja na paswedi moja imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Acheni wiki hii hii. Siku barua ya mtu ikionekana barazani, logi itasema "root" na nyote wanne mtakuwa washukiwa, na weye ambae hukugusa huna cha kujitetea. Kila mtu aingie kwa jina lake, na nakala ya logi itumwe kwenye mashine nyengine ambayo nyinyi wenyewe hamuwezi kuifuta. Kuna watu wanaona kama wanachungwa. Mie naona ni shahidi anaekesha kwa ajili yangu.

Kuhusu imeili yenyewe. Kama chuo chenu kina seva yake ya barua, basi kwa kawaida kila barua ni faili ndani ya folda la mtumiaji, wazi, haikufungwa kwa siri yoyote, na root anaweza kuisoma kama anavyosoma faili jengine. Watu wengi hawajui hilo, na wanaojua wanadhani basi admini anasoma. Paswedi ni habari nyengine, paswedi haikuhifadhiwa, kilichohifadhiwa ni hashi yake, yaani paswedi imepitishwa kwenye hesabu ambayo huwezi kuirudisha nyuma, mfano wa nazi ilokwisha kukunwa, huwezi ukaijenga tena ikawa nzima. Ndo maana mtu akisahau paswedi huwezi kumwambia ilikuwa nini, unamuwekea mpya tu. Hii khofu ya wanafunzi kwamba "admini anazo paswedi zetu zote" waondoleeni, mnapowafungulia akaunti waambieni.

Lakini angalia, mkubwa wako akikuona unasitasita atakuja na hili: basi mbadilishie paswedi niingie mwenyewe, weye hutakuwa na kosa. Hilo baya kuliko la mwanzo. Ukibadilisha, mwanafunzi kafungiwa nje na kashajua kuna kitu. Mkubwa akiingia, logi zitaonesha ni mwanafunzi alieingia, barua ambazo hazijasomwa zitageuka kuwa zimesomwa, na kuanzia dakika hiyo kila kitakachoonekana ndani mwanafunzi atasema kimepachikwa, na hakuna atakaeweza kumkanusha kwasababu kweli mtu mwengine alikuwemo ndani kwa jina lake. Kwahiyo mtu anaetaka kumpeleka mwanafunzi kamati ya nidhamu kwa njia hii anaiua kesi yake kwa mkono wake. Hili ndo la kumwambia, kwa adabu. Ukimwambia faragha atakuona umekuja kumfundisha dini, ukimwambia kesi itakufa atakusikiliza.

Jengine la kumwambia: imeili ya chuo ndo pahala pa mwisho pa kutafuta mtihani uliovuja. Mwanafunzi anaiangalia kwa mwezi mara moja. Mitihani inatoka kwa picha za simu, kwa WhatsApp, ambayo weye kwenye netiweki unaweza kuona tu kwamba mtu kaitumia lakini ujumbe wenyewe umefungwa tokea simu hii mpaka ile. Na mwanzo wake mara nyingi ni upande wetu wenyewe: mtihani ulichapwa kwenye kompyuta gani, fleshi ya mhadhiri ilichomekwa wapi ikasahauliwa, nani alipeleka kazi kwenye printa siku ile. Seva ya printa huwa inaweka jina la aliechapisha, saa, idadi ya kurasa, pengine na jina la faili. Kompyuta ya ofisi ya mitihani ina rekodi ya nani aliingia. Hizo ni rekodi za kazi za chuo na mashine za chuo, na kuzikagua baada ya kuagizwa rasmi ni haki yako kamili bila ya kufunua barua ya mtu hata moja. Mie katika kesi za mitihani nilizoitwa, nne, jawabu lilikuwa kwenye printa au fleshi, sikuwahi kulikuta kwenye inboksi ya mwanafunzi.

Nisiache la sheria nusu, maana umesema unaogopa kazi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, na mwanafunzi ni mtu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na misingi yake ukiisoma utaona ni kama imeandikwa kwa ajili ya ofisi yako: taarifa za mtu zichukuliwe kwa lengo lililotajwa, zisitumike kwa lengo jengine, zichukuliwe kiasi kinachohitajika tu, zilindwe, na zisikae kupita haja. Nasikia watu wanasema hiyo ya bara. Sheria inasema inatumika na Zanzibar isipokuwa kwenye mambo yasiyo ya Muungano, na elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwahiyo usijifariji na hilo, muulize mwanasheria wa chuo akueleze inawagusa vipi. Na ikija polisi, hiyo ni njia nyengine kabisa. Ile sheria ya 2015 inampa mkuu wa kituo uwezo wa kutoa amri data zitolewe kwa uchunguzi wa kosa la jinai. Askari akija kaunta kwako mkaribishe, mpe kiti, iombe amri kwa maandishi, na umpeleke kwa mwanasheria wa chuo. Usimfungulie papohapo kwa kuwa kavaa sare, na usimfukuze wala kumficha kitu, kumzuia nako ni kosa.

Sasa umjibu vipi mzee wako. Nakujua hali yako, hapa kwetu mtu wa umri wa baba yako humkatalii usoni, na mie sikwambii umvunjie heshima. Usijibu kwenye simu. Nenda ofisini kwake asubuhi kabla hajachoka, mwamkie, kaa, umwambie maneno mfano wa haya: "Dokta, lile jambo nimelifikiria na nataka likufae. Nikifungua hivihivi, mwanafunzi akija na mtetezi wake tutashindwa. Nimekuletea karatasi, ukiijaza na ikapita kwa msajili na mwanasheria, mie siku hiyohiyo naanza kazi, na kwa sasa nimehakikisha rekodi hazifutiki." Hilo la mwisho ni muhimu. Mtu anaeogopa ushahidi utapotea ndo anaelazimisha haraka, ukimtoa khofu hiyo anapoa. Na ni kweli unaweza kulifanya, logi za printa na za kuingia kwa kawaida hujifuta zenyewe baada ya wiki chache, basi zizuie zisifutwe, na bakapu, yaani nakala ya akiba, ya usiku wa tarehe ile iweke pembeni isije ikaandikwa juu yake. Kuhifadhi hakuhitaji kusoma. Ukishaweka, piga hesabu ya hashi ya lile faili la bakapu (faili likibadilika hata herufi moja, hashi inabadilika), ile namba iandike kwenye karatasi na tarehe, msaini watu wawili, basi hakuna atakaesema baadae kwamba mmebadilisha.

Karatasi yenyewe haina mambo. Nani anaomba, anaomba kuona nini khasa (siyo "imeili yake yote", bali mfano barua za tarehe 3 mpaka 10 zenye kiambatanisho), kwa sababu gani, nani kaidhinisha ambae si yuleyule anaeomba, nani atakuwepo wakati wa kufungua, na nani ataona kilichopatikana. Ikipita, mnakaa wawili, weye na mtu wa ofisi ya msajili, mnatafuta kilichotajwa tu, mkikuta barua ya mapenzi mnaipita, hamuisomi wala hamuitaji. Chuo kikiwa na kanuni zake tayari zifuate hizo. Vyuo vingi vina kanuni za matumizi ya kompyuta ambazo zimekaa kabatini hazijasomwa na mtu, zitafute leo.

Nije kwenye barua ya hospitali, maana naona hii ndo inayokuumiza zaidi. Mwaka wangu wa tatu kazini, chuo sikitaji, barua pepe moja iligoma kwenda ikarudi kwenye sanduku la postamasta, na sanduku hilo nalisoma mie. Nilitakiwa nitizame mistari ya juu tu, ile inayosema kwanini imegoma. Macho yakateremka. Nikasoma mistari minne mitano ya mwanamme mmoja anamuandikia kaka yake Muscat habari ya ugonjwa wa mkewe, ambao mke mwenyewe bado hajaambiwa. Nilikuwa nawajua wote wawili. Wiki mbili baadae tukakutana harusini Mkunazini, sinia moja la pilau, yule bwana ananisogezea nyama upande wangu, na mie siwezi kuinua uso. Sikumwambia mtu, mpaka leo sikumtaja, lakini nilijua kwamba nimechukua kitu chake bila ya yeye kujua.

Unguja ni ndogo, na Pemba ni hivohivo. Kwenye mji mkubwa admini akiona barua ya mtu, pengine hatokutana nae maishani. Sisi ulieona barua yake ni mume wa shoga yake dada yako, au anasali safu ya mbele yako, na neno moja likitoka ofisini alaasiri, magharibi liko barazani. Kwahiyo wajibu wetu wa kufunga mdomo ni mzito kuliko wa mwenzetu wa kwengine. Ulichokiona kwa bahati mbaya huna dhambi nacho, ulifunga, umefanya sawa. Hakihamishwi, hakipigwi picha, hakitajwi hata kwa mafumbo. Kanuni za maadili ambazo jumuiya za maadmini duniani wameziandika zinasema wazi kwamba siri unailinda kwa njia yoyote ile uliyoipatia, hata kama uliipata bila ya kutaka. Je umwambie mwenyewe? Hapa watu wanatofautiana. Mie naona mwambie kwa kifupi faraghani, "mhadhiri, nilikuwa natafuta nafasi ya diski nikafungua folda lako, ndani mna makaratasi yako binafsi, nakushauri uyahamishe", usiseme ni makaratasi gani wala umeona nini. Anapata nafasi ya kuyatoa, na weye unaacha kukimbia macho yake. Kama unahisi atadhalilika zaidi, watumie wahadhiri wote tangazo moja kwamba vitu binafsi visikae kwenye seva. Mie ningemwambia.

Lakini kuna kosa dogo la kiufundi ulilifanya na ndo lilokufikisha hapo. Kutafuta nani kajaza diski hakuhitaji kufungua folda la mtu. Amri ya du -s inakupa ukubwa wa kila folda bila ya kuonesha kilichomo, unaona 1102 ana giga 151 inatosha, unamuandikia yeye ashughulike. Weka na kiwango kwa kila akaunti ili mtu akifika mwisho wake mfumo umzuie wenyewe, usisubiri diski ya watu wote ijae. Hizo filamu usizifute. Mpe siku saba kwa maandishi, asipojibu hamishia diski nyengine, mwambie zipo wapi, mpaka bosi wako aamue. Ukifuta, na kumbe katikati ya filamu mlikuwa na data za utafiti wake wa miaka miwili ya mwani wa Paje, maji yakimwagika hayazoleki.

Kuna haki moja ambayo huhitaji kumuomba mtu, nayo ni kuchomoa waya. Mashine ikiwa inashambulia nyengine, ikiwa virusi vinasambaa maabara nzima, kata kwanza halafu ndo uandike ripoti. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Cornell alieitwa Robert Morris aliachia programu inayojinakili yenyewe, ikaenea vyuo na maabara za Marekani kwa usiku mmoja, na maadmini wengi wa vyuo walilazimika kuzitoa mashine zao kwenye mtandao wakati bado hawaelewi kinachotokea. Hakuna aliewalaumu kwa hilo. Ila kata mashine, usianze kupekua ya mwenye mashine.

Umeuliza wajibu unaishia wapi, na naona umezungumza yale ya macho tu, ya kuona na kutokuona. Nusu nyengine ya amana ni kwamba vitu vya watu viwepo kesho. Waliokuwepo hapa wanakumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokufa na Unguja nzima tukakaa miezi mitatu kwa majenereta. Seva zilikuwa zinazimika na kuwaka mara tano kwa siku, na diski haipendi hivo, moja ilikufa mkononi mwangu ikiwa na tasnifu za wanafunzi. Bakapu ilikuwepo. Ilikuwa inaandikwa kila usiku na sikuwahi hata siku moja kujaribu kuirudisha, tulipoirudisha tukakuta folda la tasnifu halikuwamo kwenye orodha tokea mwanzo. Mwanafunzi mmoja alikaa sakafuni mlangoni kwangu, hakusema kitu. Kosa lilikuwa langu. Tokea hapo kila mwezi nachagua mafaili matatu kwa bahati nasibu nayarudisha kutoka kwenye bakapu, na nakala moja inalala jengo jengine. Anza weye pia. Na hewa yetu hii ya chumvi, chomoa viungo vya nyaya uvitizame kila msimu, kutu ya kijani ikishaonekana badilisha, usingoje.

Jambo moja linavunja ukimya wote niliokwambia. Ukikuta kwa bahati mbaya maneno ya mtu anaetaka kujidhuru, au mtoto anadhalilishwa, au mtu anapanga kumdhuru mwengine, hapo hukai na amana moyoni ukasema mie nimefunga mdomo. Usiendelee kupekua, usimkabili mwenyewe peke yako, ondoka kwenye kiti uende moja kwa moja kwa mshauri wa wanafunzi au mkuu wako au polisi, saa hiyohiyo, umwambie yule mmoja anaehusika na si mwengine. Karatasi itaandikwa baadae.

Na kama mzee atakataa karatasi akakwambia fungua kwa amri yangu? Sitokudanganya, kuna vyuo admini alisema hapana akahamishiwa stoo. Lakini alieambiwa "fungua" kwa mdomo akafungua, siku mambo yakiharibika atakuta yule alieamrisha hakumbuki kitu, na logi inamkumbuka yeye. Ukifika hapo usibaki peke yako. Mwandikie barua fupi mkuu wako wa idara ya kompyuta, usilalamike, sema tu umeombwa hivi na unaomba muongozo. Nenda mwenyewe kwa mwanasheria wa chuo, usimpigie, kaa mbele yake. Kama una chama cha wafanyakazi wahusishe. Na ukitishiwa kufukuzwa au tayari ulishafungua kitu na unaogopa, mtafute wakili uso kwa uso kabla hujaandika maelezo yoyote, maana majibu yangu haya hayajauona mkataba wako na wakili atauona. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko, hiyo iweke nyuma mpaka njia za ndani ya chuo zishindikane.

Leo jioni zuia zile logi na uweke bakapu pembeni. Kesho asubuhi nenda kwa mzee. Ile karatasi ukishaiandika nitumie niipitie kabla hujampelekea, ila jina la mwanafunzi na la mkubwa wako yafute kwanza, mie siyahitaji.